Kijahazi, jahazi dogo au kajahazi?

(Nilialikwa kuongea hapa Tanga Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai, mbele ya wanafunzi na wazazi. Watu wameniomba maandishi, na mimi sikuwa na maandishi, nilikuwa na kijikaratasi tu chenye maneno kama ishirini hivi. Mjukuu alinirekodi kwa simu, ndo tumekaa nae tukaandika. Nimeacha kama nilivyosema, hata pale nilipopotea njia.)

Asalaam aleykum. Bwana asifiwe. Shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na nyie wengine huko nyuma mambo vipi.

Haya. Mwalimu hapa kanitambulisha kwamba ni mtaalamu wa lugha, mi nikamuangalia hivi nikasema huyu leo ataniponza. Mimi ni fundi. Nachonga vyombo, lakini si vyombo vya kupanda, ni hivi mnavyoviona hapo mezani, hiki kirefu ni dhiraa moja, na hicho kidogo kabisa kinakaa kwenye kiganja. Mbao ni mabaki ya mkangazi na mvule naokota kwa maseremala wenzangu, mlingoti wa hicho kidogo ni kijiti cha mshikaki, usicheke, ni kijiti cha mshikaki kweli, na tanga nimekata kwenye kanga ya marehemu mama. Watu wananunua wanaweka juu ya kabati karibu na tivii. Hiyo ndo kazi yangu miaka mingi sasa na ndo iliyonifanya nianze kufikiria maneno, maana mwalimu aliponiuliza nitaongelea nini nikamwambia nitaongelea vitu vidogo, sina kingine nachokijua.

Sasa sikilizeni kisa. Siku moja nipo kijiweni kwangu, anakuja kijana mmoja, kavaa vizuri, anashika chombo kama hicho cha kati anageuza geuza, ananiuliza, "Mzee, hiki kijahazi bei gani?" Nikamwambia elfu arobaini. Akacheka, akakiweka chini, akaenda. Haijapita nusu saa anakuja mama mmoja mtu mzima, anaangalia kilekile, hakukigusa, anasema, "Baba, hili jahazi umelichonga mwenyewe?" Nikasema ndio mama. "Unaliuzaje?" Mdomo wangu ukasema elfu sitini. Haki ya Mungu sikupanga! Na yule mama akatoa pesa bila hata kuomba nipunguze.

Usiku nikawa najiuliza, hivi mimi ni tapeli? Chombo ni kimoja, mbao zilezile. Ila huyu kasema kijahazi, huyu kasema jahazi, na mimi mwenyewe bei nimeitoa kwenye mdomo wa mteja. Toka siku ile nikaanza kusikiliza wanaitaje. Kuna wa "kijahazi". Kuna wa "jahazi dogo", hao wastaarabu, wanalinganisha tu, kuna kubwa na kuna dogo na hili ni dogo. Kuna waliosoma, "mfano wa jahazi", hao watakuuliza na historia. Alafu kuna wa "kajahazi". Mtu akisema "haka kajahazi ni shingapi" mi narudi zangu kwenye msasa, najua hapo hamna biashara.

(Hapa watu walicheka sana, mjukuu anasema niandike.)

Lakini tusiwaonee watu wa ka-. Nyie mliosoma mnajua kwamba kwenye zile jedwali za ngeli za shule ka- na tu- mara nyingi hazipo. Ukiandika "kagari" kwenye mtihani unapigwa nyekundu. Ila hiyo ka- si uhuni wa vijana, ni ya zamani kuliko nyie na kuliko mimi, ni mali ya Wabantu wengi. Nenda kwa Wakikuyu, msichana mdogo ni kairitu, wakiwa wengi ni tuiritu, na hakuna mwalimu anayewapiga nyekundu. Wanyarwanda wana aka- na utu-. Wasukuma wanayo. Sisi wa pwani ndio tuliiacha njiani, ile kazi yake ya kupunguza vitu tukaipa ki- ambayo ilikuwa na kazi zake nyingine tayari. Sasa Kiswahili kilipopanda bara kikakutana na watu ambao ka- yao ipo hai, wakairudisha. Ndo maana Nairobi utasikia kagari, kanyumba, kasichana, na ukienda Lubumbashi kule Kongo watu wanasema katoto na tutoto kama kawaida kabisa. Na hata hapa Tanga siku hizi, mtu atakwambia "kuna kaukweli fulani kwenye hayo maneno", wewe sema kwa ki-, "kuna kiukweli", inakuwa kitu kingine kabisa! Kwa hiyo mimi siichukii ka-. Ila kwenye jahazi langu usiniletee.

Maana ka- na ki- ukiziangalia vizuri zinapima umbali wa msemaji na kitu chake. Mama anambeba mwanae anasema "kitoto changu kimelala", hapo kuna asali. Mama huyohuyo jirani yake kamuudhi, "kile kijitu kimekuja tena kukopa chumvi". Ki- ni ileile, kimo cha jirani hakijapungua hata inchi moja. Na msichana mzuri tunamwita kisura, kimwana, kipenzi, hapo ki- imekuwa pambo la sikioni. Bibi mzee wa watu ukimuita "kizee" umemvunjia heshima, na ukoo mzima utakuja kukuuliza.

Alafu kuna ile ya unyenyekevu, hii Watanzania tumeitia chumvi mpaka imezidi. Mtu kajenga ghorofa, geti la umeme, maji ya kisima, anakwambia "karibu sana kwenye kibanda changu". Anaoa kwa watu mia tano, "tuna kashughuli ketu wikiendi". Na anayekuja kukukopa milioni, "kaka nilikuwa na kaombi kadogo". Mkisikia kaombi kadogo, ndugu zangu, shikeni pochi.

Nisonge mbele. Mi kama seremala kuna neno moja nalipenda sana, vijana wengi hawalijui. Droo ya meza. Wazee waliita mtoto wa meza. Meza ina mtoto, unamvuta anatoka, unamsukuma anarudi kwa mama yake. Ukisema hivyo kwa fundi wa miaka hii anakushangaa, anataka useme droo. Na hospitali bado wanasema mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba jicho la mzee, mi mwenyewe nilitolewa wa kushoto. Yani mbali na hizo ki- na ka-, Mswahili alikuwa na njia yake nyingine ya kusema udogo, anasema mtoto. Kitu kidogo kimezaliwa na kikubwa, kipo pembeni yake.

Sasa nije kwenye maneno yaliyokuwa watoto yakakua. Haya yananifurahisha mno. Chukua kijiko. Baba yake ni mwiko, ule wa kusongea ugali, mwiko ukipungua unakuwa kijiko. Kijiti ni mti. Kijito ni mto, na pale Dar kuna Kijitonyama watu wanapanda daladala kila siku hata hawawazi kijito. Kijiji ni mji. Kikombe ni kombe. Chumba, hii wengi hawaioni, chumba ni nyumba iliyowekewa ki- mbele, ki- ikikutana na vokali inageuka ch-, ndo maana tuna jumba, nyumba, chumba, kubwa la kati dogo. Chungu na nyungu na jungu vilevile, ndo ile jungu kuu halikosi ukoko.

Ila nani leo akishika kikombe anawaza kwamba ni kombe dogo? Hakuna. Kikombe ni kikombe, na kama ni kidogo inabidi useme kikombe kidogo, umepunguza mara mbili na wala hushtuki. Ki- imechakaa kama sarafu iliyopita mikono mingi, ile picha haionekani tena. Na kombe lenyewe? Kombe la Dunia lile la dhahabu wanalobusu wachezaji lina sentimita 36 na ushee tu, chupa ya chai ya nyumbani kwangu inakaribiana nalo! Ila jaribu kuliita kikombe cha dunia uone.

Kisiwa pia. Kulikuwa na siwa, kisiwa kikubwa, na kisiwa kikawa kile kidogo. Siwa ikapotea midomoni, leo ukisema siwa watu wanafikiria ile pembe kubwa ya sherehe iliyopo makumbusho Lamu. Kisiwa kikabaki peke yake kikabeba kazi zote mbili. Kwa hiyo Madagaska ni kisiwa, kile kinachoizidi Kenya nzima kwa ukubwa, na kile kichuguu cha mchanga kinachofunikwa maji yakijaa nacho ni kisiwa. Na msinianzishie Kilimanjaro, najua mnataka kuniuliza. Mita 5,895, mkubwa kuliko yote Afrika, na jina linaanza na kilima. Yule mmisionari Rebmann aliuona mwaka 1848, akaandika kuna theluji, Ulaya wakamcheka. Hilo jina wengine wanasema ni kilima cha Waswahili wa misafara, wengine wanasema ni neno la Kichaga lililogeuzwa na midomo ya watu wa pwani. Wachaga na Waswahili wamalizane wenyewe, mi nafurahia tu kwamba sikio letu halisumbuki kuuita kilima.

Na kuna vitu vimepewa ki- kwa bahati mbaya tu. Kitabu ni Kiarabu, ile ki- ni yake tangu kuzaliwa, haina uhusiano na udogo wowote, lakini Mswahili kasikia ki- kasema basi vikiwa vingi ni vitabu. Alafu kikipungua akasema kijitabu. Pale barabarani kwenye mzunguko, dereva kasoma kibao cha Kiingereza, kasema kiplefti, na vikiwa viwili viplefti. Na kinachonichekesha kuliko vyote ni virusi. Neno la kigeni, limekuja na vi- yake mdomoni, sisi tukasikia wingi, tukatafuta umoja wake, kirusi. Kitu kidogo mno, kisichoonekana kwa macho, kimepata ki- ya udogo bila mtu yeyote kukusudia, na kimegongana na lugha ya Warusi.

(Hapa nilikunywa maji. Mwalimu akanionyesha saa. Nikajifanya sijaona.)

Sasa nataka niongee taratibu kidogo, maana hapa si pa kucheka sana.

Babu yangu mzaa baba alikuja Tanga kukata mkonge. Mnajua mkonge wenyewe ulikujaje, ule ulioujaza mkoa wote huu? Mjerumani mmoja, Dokta Hindorf, aliagiza miche kutoka Marekani, miche elfu moja, ikapitia Hamburg, ikafika huku mwaka 1893 na iliyokuwa hai ni 62 tu. Sitini na mbili. Ungeweza kuipanga kwenye meza hii na hiyo ya pembeni. Kutoka kwenye hiyo yakatoka mashamba ambayo ukiyapita kwa basi unalala unaamka bado ni mkonge.

Na babu alipofika alipewa kitu kinaitwa kipande. Kipande ni pande lililopunguzwa, kipande cha mkate, kipande cha nguo. Hiki kilikuwa kikadi cha siku 30. Ukifanya kazi, ukamaliza idadi yako ya mkonge, inatiwa alama. Hujamaliza idadi, siku ile haipo. Umeumwa, haipo. Kipande kikijaa siku zote 30 ndio unalipwa, na kujaza siku 30 kungeweza kukuchukua mwezi na nusu. Babu hakujua kusoma lakini alikuwa anajua kuhesabu vile visanduku kwenye kikadi, na baba anasema alikuwa anakitoa usiku anakiangalia kwenye kibatari kama mtu anayeangalia picha ya mtu wake. Wakata mkonge wenyewe wakaitwa manamba, kwa sababu ya zile namba. Ona sasa, mtu mzima mwenye mabega kakaa ndani ya karatasi isiyozidi kiganja.

Kenya kipande kilikuwa kibaya zaidi, kuanzia miaka 16 kila mwanaume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, kwenye kikopo cha bati kimening'inizwa shingoni, ndani kuna jina na alama za vidole na mwajiri wako kaandika umelipwa nini na umeondokaje. Harry Thuku, yule Mkenya aliyepinga ukoloni, alipokamatwa Machi 1922 na watu wakapigwa risasi Nairobi, kipande kilikuwa kimojawapo cha mambo waliyokuwa wanayapinga. Na cha ajabu ni kwamba Wakenya mpaka leo kitambulisho cha taifa wengine bado wanakiita kipande. Neno halikufutwa, kikopo ndo kilitupwa.

Na kibarua. Hili ndo lilinikalisha chini kabisa. Kibarua ni barua ndogo! Unguja na huku pwani mtu wa kazi ya kutwa alikuwa anapewa kijikaratasi, kijibarua, akimaliza kazi anakirudisha analipwa. Watu wakaanza kumuita mtu mwenyewe kwa karatasi yake. "Nenda kaniitie vibarua watatu." Karatasi ikawa mtu na mtu akawa karatasi. Leo mtu anasema "kibarua kimeota nyasi" maana yake kafukuzwa kazi, wala hakumbuki kama kulikuwa na karatasi.

Kuna neno jingine la hivyo, na hili mi nalisema nikiwa na wajukuu mkononi. Kadogo. Nairobi kadogo ni jambo la furaha, wanasema uchumi wa kadogo, unanunua mafuta ya kula ya shilingi kumi, sabuni ya kufulia mara moja, majani ya chai ya kikombe kimoja, sisi huku tunasema ya kupima, nusu robo, niwekee ya mia tano. Maskini kaigawa dunia vipande anavyoweza kuvilipia. Ila vuka uende Kongo. Mwaka 1996 waasi wa Laurent Kabila walipoanza kutoka mashariki kwenda kumtoa Mobutu, walikuwa na watoto wadogo wengi wamebeba bunduki, wengine bunduki inagusa chini. Wakaitwa kadogo. Mei 1997 wakaingia Kinshasa, watu wakawashangaa barabarani, viatu vya mvua na silaha. Ni neno la kumbembelezea mtoto, neno ambalo bibi anamuitia mjukuu aje ale. Kabila mwenyewe alipigwa risasi Januari 2001 na mmoja wa walinzi wake, na ilisemwa sana kwamba naye alikuwa kadogo wa zamani. Mi sijui niseme nini zaidi hapo. Nasema tu nikisikia mtu anasema kadogo, zinanijia sauti mbili.

Nililetewa swali kabla sijaanza, yule dada pale mbele kaandika kwenye karatasi, anauliza kuhusu kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Swali zuri. Hizo zote zina ki-. Wapo wanaosema ile ki- inamtoa mtu kwenye ngeli ya watu inamweka kwenye ngeli ya vitu, na kweli ukisema "kipofu kimekuja" umemtukana mtu, ukisema "kipofu amekuja" umejitahidi kidogo. Ndo maana siku hizi tunasema watu wenye ulemavu, na wasioona. Nakubali. Lakini viziwi wenyewe chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, neno wameliweka mbele kabisa kwenye jina. Kwa hiyo mi kanuni yangu ni rahisi, namuuliza mwenyewe anataka kuitwaje. Sijibu kwa niaba ya mtu aliyekaa hapohapo.

Viroba nitavisema haraka maana nawaona wababa wanatabasamu. Kiroba cha unga mtu anakibeba begani anakunja uso. Kiroba cha pombe kilikuwa kinaingia kwenye mfuko wa shati, na serikali ikavipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Neno moja, mizigo miwili. Nimemaliza.

Turudi mezani. Hiki cha mwisho hapa, chenye shingo ndefu kama ngamia, wangapi wanakijua? Wewe kijana? ... Hapana, si mashua. Huu ni mtepe. Sasa ona nimesema "huu ni mtepe", sikusema kijitepe, mdomo umekataa. Mtepe ulikuwa hauna msumari hata mmoja, mbao zinashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake halikuwa kitambaa, lilikuwa la kusukwa kama mkeka, mraba, si pembe tatu kama la jahazi. Mitepe ilikuwa inashuka na kupanda pwani hii yote, ikipeleka boriti na nafaka. Ikaisha. Leo mtu akitaka kuujua mtepe anaenda kuangalia mfano, kwenye makumbusho ya Lamu upo mmoja wapo, wataalamu wamekaa wakahesabu mishono kwenye vile vidogo ili wajue vile vikubwa vilishonwaje. Mi pia huu nimeuiga kutoka kwenye picha ya mfano. Fundi aliyeuchonga ule mfano wa kwanza, sijui alikuwa anamchongea mwanae au mzungu, hakujua kama ndo anachonga wa kubaki.

Ndo maana naomba nisilitumie neno bandia kwa hivi vitu vyangu. Watu wananiuliza, "mzee, hilo ni jahazi bandia?" Bandia leo ni noti feki na dawa feki. Lakini kamusi za zamani ukifungua, bandia ni mwanasesere, mtoto wa bandia, lile libandia la vitambaa ambalo msichana alikuwa analibeba mgongoni akilibembeleza. Halikuwa linamdanganya mtu yeyote. Lilikuwa zoezi la kuwa mama. Sijui ni lini tuliamua kwamba kitu kidogo kinachofanana na kikubwa lazima kiwe uongo. Hiyo imeniuma, nakiri, pengine kwa sababu ndo kazi yangu.

Basi nitaje moja niwaachie mchezo wenu wa ngonjera, naona watoto wameshavaa.

Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu wa mwisho, yule wa miaka mitano, ufukweni, maji yakiwa yanajaa. Nikambebea chombo nilichokichonga, hiki kilichobaki na alama ya chumvi ubavuni, ukikiangalia utaiona. Njiani namwambia twende tukakijaribu kijahazi chako. Hakujibu. Nikarudia, kijahazi chako kina mkuku wa mvule unajua? Kimya. Tulipofika akakiweka majini, upepo wa kusi ukakishika, kikaondoka kweli, kikaenda zaidi ya nilivyotegemea, alafu wimbi likakilaza ubavu. Mtoto akapiga kelele mpaka wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu wakageuka: "Babu! Jahazi langu linazama! Lina watu ndani!"

Nikaingia na suruali yangu, na simu mfukoni.